Singo ya Bwana Mamba

Paukwa!

Pakawa!

Paliondokea uso!

Ukawaje?

Ukaparuza, na mwenyewe ajiona mzuri!

Basi, hapo kale palikuwa na Mamba, jitu la tumbo kubwa na akili isiyojaa kijiko. Bwawa lote alilifanya lake. Atakaye maji, alete mtoto aliwe. Swala alileta. Ngiri alileta. Zamu ikamfikia Nguchiro, mnyama mdogo mwenye mtoto mmoja tu, kitindamimba wake, na mtoto mwenyewe analia kiu.

Nguchiro akashuka bwawani peke yake. Akamkuta Mamba anajitazama majini, machozi yanamtiririka.

"Mtoto yuko wapi?"

"Yupo, bwana. Kwani wewe walilia nini?"

"Naoa binti Kenge. Mama mkwe kasema uso wangu kama gome la mkwaju."

Nguchiro alichukia. Limekula watoto wa watu halikutoa chozi, leo lalilia magaga ya uso! Lakini hasira akaimeza.

"Bwana, mimi ndiye somo wa maharusi, mwenye kuwafunda na kuwapamba. Nikusinge, nikusugue kwa singo, uso uwe kama yai lililomenywa. Mtoto utamla siku ya harusi, umependeza."

"Nisinge!"

"Masharti ya mwari wayajua? Mwari hatoki, mwari hali, mwari hafumbui mdomo."

"Nisinge, wanichelewesha!"

Nguchiro akaleta majani ya msasa, yale wasuguliayo mbao mafundi seremala. Kwaru! Kwaru! Kwaru!

"Yaniuma!"

"Ukitaka uzuri sharti udhurike. Nyamaza."

Akaleta liwa, ule unga wa mti unukiao, na pilipili kidogo. Pachu! Pachu! Pachu!

"Yaniwasha!"

"Ukitaka uzuri sharti udhurike. Nyamaza."

Mwisho akaleta ulimbo, ule wa kunasia ndege.

"Na hiki?"

"Cha kukaza ngozi. Sasa nyamaza kabisa."

Mamba akanyamaza. Nguchiro akampaka ulimbo mdomo mzima, akaufunga kwa kamba za ukindu, akapaka tena. Kisha akamfunika kanga, na jitu lile likatulia humo, linajiona bibi harusi. Mjinga akipambwa hujipamba zaidi.

Ulimbo ulipokauka, Nguchiro akamleta kitindamimba. Akanywa, gwi, gwi, gwi! Swala akaja, gwi, gwi, gwi! Ngiri akaja na ukoo mzima.

Mamba akasikia, akakurupuka. Akavuta taya huku, akavuta kule. "Mmmmh!" Taya hazikufunguka.

"Shikamoo, bwana harusi," akasema mtoto wa Nguchiro.

"Mmmmh!"

"Mama, mbona haitikii?"

"Mwari huyo, mwanangu. Mwari hafumbui mdomo."

Mtoto akanawa miguu, akaifutia puani pa Mamba.

"Mama," akasema, "kweli pamelainika!"

Hadithi imekomea hapo. Iliyokufurahisha ichukue, iliyokukwaruza kapake mafuta.

Na fundisho lake, wanangu: jipendeni. Mkikaa mbele ya fundi wa uso, akisema nyamaza, nyamazeni, akupakeni hata lami. Hajafa mtu kwa kutaka ngozi laini. Mamba alikufa kwa njaa, na hayo ni mengine. Maiti yake, wallahi, iling'aa.