Mzabibu wa Nyuma ya Jiko

Mtu mmoja alikabidhiwa shamba la mizabibu huko Dodoma, kwenye ule udongo mwekundu ambao mvua ikichelewa hupasuka kama kisigino. Mwenye shamba alimpa nyumba ya kuishi na mkewe, akampa mkasi wa kupogolea, na neno moja tu: "Kila mwaka ukishavuna, kata. Usiionee huruma." Kisha akaenda zake mbali.

Ndugu zangu, kama hujawahi kuona mizabibu iliyopogolewa, usiende kuitazama siku yenye huzuni zako. Inatisha. Hubaki vishina vyeusi vimefungwa kwenye nyaya, kama nguo zilizoungulia kambani. Mwaka wa kwanza yule mtunzaji alikata kama alivyoagizwa, na wapita njia wakamcheka: "Kaka, shamba limeungua lini? Mbona hukutuita tukasaidia kuzima?" Maneno yale yalimwingia. Mwaka uliofuata alishika mkasi, akasogea kwenye mti, akaogopa. Akasema, mwakani. Na mwakani akasema, mwakani.

Shamba likanenepa. Majani yakafunika nyaya, yakafunika nguzo, yakamwagikia barabarani. Waliokuwa wakicheka sasa walisimama kupiga picha. Bwana shamba wa kata alipita na pikipiki, akatazama bila kushuka, akasifu "uoto mzuri", akaondoka akiwa amekamilisha ukaguzi. Zabibu? Nani aliuliza habari za zabibu?

Mti mmoja tu ulizaa. Nyuma ya jiko palikuwa na mzabibu mzee ambao mwenye shamba aliupanda kwa mikono yake kabla hapajawa na shamba. Vipando vyote vya shamba lile vilikatwa kutoka kwake. Mke wa mtunzaji aliupunguza kila mwaka kwa kisu cha jikoni bila kumuuliza mtu, maana ukiachwa ulimrudishia moshi ndani. Basi ulizaa mpaka vichala vikakaribia kugusa chini.

Siku moja simu ikaita. Alikuwa mwenye shamba.

"Jumamosi asubuhi nakuja kuona kama shamba langu lina uhai. Kama halina, nang'oa lote, na wewe utafute pa kwenda."

Simu ikakatika. Mtunzaji alibaki ameishikilia sikioni, akitazama mlango wa nyumba ambamo watoto wake walizaliwa. Pa kwenda ni wapi?

Akakimbilia kwa mwenyekiti wa kamati ya mapokezi. Kijiji kile kilikuwa na kamati ya mapokezi hata miaka ambayo hakikuwa na mgeni, na chini yake kamati ndogo ya viti.

"Tulia, mzee," mwenyekiti akamwambia. "Wageni rasmi nimewapokea mimi. Kuna aliyewahi kushika mapambo? Mgeni anapita, anapunga mkono, anakula pilau, anauliza choo kiko upande gani. Basi."

"Lakini zabibu, Mwenyekiti. Sina zabibu."

"Unazo. Nyuma ya jiko. Zimekaa mahali pabaya tu."

Jumamosi alfajiri wakaja na mapanga. Mkewe akatoka na sufuria mkononi, akawakuta wameshauzunguka ule mti.

"Baba watoto, huo ndio ulio hai!"

"Ndiyo maana tunaukata," mtunzaji akajibu. Alijisikia akisema hivyo, akatamani kuyarudisha maneno. Lakini mkono ulikuwa umeshainuka.

Wakakata kila tawi, wakayabeba matawi mpaka mbele, wakayafunga kwa waya kwenye safu inayopakana na barabara. Kulipopambazuka safu ile ilipendeza, vichala vinaning'inia vizito, hata mwenyekiti aliyeyafunga kwa mikono yake akamnong'oneza jirani, "Mwaka huu kazaa huyu, eh?" Turubai likasimamishwa, kwaya ikajipanga. Ikafika saa tatu, saa ya mgeni kuwasili. Likaja tangazo: "Mgeni yuko njiani."

Ninyi mnaijua sentensi hiyo. Ni kweli siku zote, na haijawahi kumfikisha mtu.

Jua likapanda. Saa tano mtunzaji akaona jani moja limejikunja, kama mtu anayefumba kiganja. Akachovya ufagio kwenye ndoo, akalinyunyizia. La pili likajikunja. Likaja la tatu, kisha akawa hawezi tena kuyafuatilia. Alitembea safu ile huku na huko, jasho likimtiririka, akitabasamu kila gari lilipopita. Tawi moja likalala kabisa. Akalifungua, akalifunga upya na kukaza, kana kwamba shida ilikuwa waya.

"Mwenyekiti, yanakufa!"

"Joto hilo tu. Likipungua yatasimama."

"Jani lililokatwa linasimama?"

"Mzee, mimi ni wa mapokezi. Habari za majani muulize bwana shamba."

Bwana shamba alikuwa chini ya turubai, na soda yake. Alisema suala hilo linahitaji kikao.

Kwaya ikaimba wimbo wa kukaribisha, ikaurudia, ikauchoka. Mtunzaji aliomba mgeni afike upesi kabla majani hayajaanguka. Hapohapo akaomba asifike kabisa. Umewahi kuomba sala hizo mbili kwa pumzi moja?

Ndipo wakasikia hatua. Hazikutoka barabarani. Zilitoka nyuma ya nyumba, upande wa jikoni. Mwenye shamba alikuwa ameacha gari huko bondeni, akapita njia ya nyuma, kama mtu anayerudi kwake. Kamati nzima ikageuka na viti vyake.

Hakumsalimu mtu. Alikwenda moja kwa moja kwenye safu ya mbele, akashika tawi. Likamfuata mkononi, na waya wake.

"Nani ameukata mzabibu wa jikoni?"

Mwenyekiti alikuwa anatafuta kitu mfukoni.

"Mimi, mzee," mtunzaji akasema. "Nilitaka uone shamba limezaa."

Mwenye shamba akatazama vile vichala vilivyosinyaa.

"Nilikuwa natafuta kichala kimoja," akasema. "Kimoja tu, kwenye mti ulio hai. Kingenitosha kuliacha shamba zima lisimame."

Akaamuru shamba lote ling'olewe. Akarudi nyuma ya jiko, akasimama juu ya lile shina lililokatwakatwa. "Huu usiguswe. Mliukata, lakini hamkuung'oa."

"Na mimi, mzee?"

"Ukitaka kubaki, utabaki hapa, kwenye shina hili. Pengine pote hapana chako."

Ndugu zangu, manabii walipowaambia Israeli kuwa wao ni mzabibu, hawakuwa wanasifia mandhari. Isaya alimwona Mungu akingojea zabibu njema, akaletewa za mwitu. Ezekieli akauliza swali la seremala: mzabibu usipozaa, mti wake utauchonga nini? Hata kigingi cha kutundikia sufuria hupati. Ni wa moto. Na Bwana wetu, saa chache kabla hawajamkamata, alisema kwamba mzabibu wa kweli ni yeye, sisi ni matawi, na mkasi anao Baba.

Sisi tumeuogopa mkasi. Aliye hai tumemkata, tukapambia safu ya mbele: jina lake kwenye bango, jina lake kwenye ratiba, jina lake mdomoni mwa mgeni rasmi. Na asubuhi, sikilizeni, asubuhi tawi la waya na tawi la mti yanafanana kabisa. Kwaya haiwezi kuyatofautisha. Mchungaji hawezi. Mimi ninayesema nanyi, siwezi. Linalotofautisha ni jua, na jua linapanda.

Kwa hiyo sikuulizi kama una majani. Nayaona kutoka hapa, mazuri sana. Nakuomba ukifika nyumbani ufunge mlango, ujishike mwenyewe pale unaposema umeungana na Bwana, uvute kidogo.

Vuta sasa, mkono ukiwa bado ni wako. Mwenye shamba anapita njia ya nyuma.