Sauti Aliyoachiwa Mbawala

Kabla mabonde haya hayajalimwa, mbawala alikuwa mnyama bubu. Alizaliwa kimya, akaishi kimya, na hata mshale ulipompata alianguka bila mlio. Ile sauti kavu mnayoisikia siku hizi kutoka vichakani, mkadhani ni mbwa aliyepotea, haikuwako. Nitawaeleza ilikotoka. Naomba tu msitafute mtu mbaya ndani ya habari hii. Mimi nimemtafuta tangu ujana wangu na sijampata.

Wawindaji wa wakati huo walikuwa wakimya kama mawindo yao. Mtu akishavuka kijito kinachotenga mashamba na msitu, hakutamka neno mpaka arudi. Waliamini kwamba sauti ya binadamu ikisikika mle ndani, nyama wote huhama msimu mzima. Akichomwa na mwiba, alinyamaza. Siafu wakimpanda miguuni, alinyamaza. Hayo yalifundishwa jandoni, na aliyeshindwa hakupewa upinde.

Ukaja mwaka ambao mvua haikunyesha. Mwindaji mmoja, jina lake Kobelo, alikuwa na mke aitwaye Chausiku, naye Chausiku alikuwa amejifungua mtoto wa kike. Maziwa yake yakakauka. Mtoto alinyonya, akaachia, akalia, kisha akaanza kuchoka hata kulia. Mkunga alimtazama, akamwambia Kobelo wazi, "Huyu mama anataka mchuzi wa nyama. Usipoupata upesi, utachimba kaburi dogo."

Kobelo akaenda kuwinda na shemeji yake Mkude, kaka wa Chausiku. Walipendana kwa namna ya mashemeji, yaani kwa kutukanana. Walipofika kijitoni, ambapo maneno bado yaliruhusiwa, Mkude alisema, "Shemeji, mahari yako tulishakula. Usidhani tutakurudishia kwa sababu huwezi kulenga hata mbuzi aliyefungwa kamba."

"Nenda huko," Kobelo akajibu. "Kazi yako ni kupita kichakani na kuwashtua nyama. Kazi hiyo hata kifaru anaiweza, na ana sura nzuri kuliko wewe."

"Nitakuletea mbawala mpaka miguuni. Wewe usisinzie tu."

Wakavuka wakicheka, na kicheko chao kikakatikia majini. Mkude akapanda upande wa juu ili awasukume wanyama washuke. Kobelo akajificha chini, penye uwazi.

Haukupita muda, mbawala dume akatokea. Alisimama karibu sana, ila tawi lilifunika kifua chake. Kobelo akavuta upinde, akangoja apige hatua moja mbele. Mbawala akapiga hatua moja nyuma, akapotea. Kobelo akajiambia moyoni: nimengoja mno. Akitokea mwingine, sitangoja.

Mwingine akatokea, jike, na Kobelo hakungoja. Mshale ulimpata pajani. Kwa furaha akaruka kutoka mafichoni, akamfukuza. Mnyama aliyejeruhiwa akifukuzwa husahau maumivu, na huyu alikimbia mpaka kwenye mawe, ambako matone ya damu yaliisha. Kobelo akasimama pale akitweta. Akajiambia: ningekaa chini, angelala karibu, nami ningemkuta amekufa. Mara nyingine nitakaa.

Masomo yote mawili yalikuwa ya kweli. Hata leo tunawafundisha vijana hayo hayo.

Mkude naye alishuka kutoka juu, asimkute shemeji yake mahali walipoagana. Mtu wa leo angeita, "Uko wapi?" Yeye hakuweza. Akaingia kichakani kumtafuta, akiinama chini ya matawi, amevaa nguo ya gome la mti yenye rangi ya majani makavu. Kobelo, aliyekuwa akirudi kutoka kwenye mawe, aliona majani yakitikisika na kitu cha hudhurungi kikipita nyuma ya majani hayo. Akakumbuka yule dume wa kwanza. Hakungoja.

Alisikia mshale ukiingia nyamani. Alisikia kitu kikianguka. Kisha kukawa kimya, na ukimya huo ulimpa uhakika, maana mbawala hakuwa na sauti. Akamkumbuka yule jike. Akakaa chini.

Alikaa muda mrefu, ametulia, akiwaza chungu jikoni na uso wa mkewe. Kivuli cha mti alioegemea kilihama kutoka bega moja kwenda lingine. Na pale mbele yake, mahali ambapo angefika kwa kukimbia kidogo tu, Mkude alikuwa amelala na mshale chini ya mbavu, damu ikitoka taratibu. Jeraha lile lingeweza kufungwa. Neno moja lingetosha.

Kwa nini Mkude hakulisema? Wengine husema ni mafunzo ya jandoni yaliyokuwa yamemwingia mifupani. Wengine husema alimfikiria mtoto wa dada yake, akaona akipiga kelele nyama watahama na mtoto atakufa. Mimi sijui. Aliuma kipande cha gome mpaka meno yakakutana, na hivyo ndivyo alivyokutwa.

Karibu naye, ndani ya kichaka hicho hicho, yule dume wa kwanza alikuwa amejibanza, akiona yote. Mkude alipokata roho, sauti aliyoizuia ilitaka kutoka, lakini kinywa chake kilikuwa kimefungwa. Ikaingia katika kinywa kilichokuwa jirani. Mbawala akatetemeka, akatoka mpaka penye uwazi, akabweka.

Kobelo akainuka. Mbele yake alisimama mbawala mzima, ubavu wazi, akibweka kwa sauti ya kukwaruza kama ya mtu anayekohoa damu. Mshale alikuwa nao mkononi. Hakuutumia. Kama mbawala alikuwa huyu, basi kichakani kulikuwa na nani?

Chausiku alimwona akija na mzigo mabegani. "Umepata, mume wangu?" aliuliza. Kobelo akamlaza Mkude chini, mbele ya mlango.

Wazee walitaka kumhukumu. Baba yake Mkude akakataa. "Aliyemfunza mwanangu kunyamaza ni mimi," alisema. "Mkitaka kuhukumu, anzeni hapa." Kwa ajili ya msiba akachinjwa kondoo wa mwisho kijijini. Wanawake wakampelekea Chausiku mchuzi katika kibuyu.

"Siwezi," alisema.

"Kunywa, mwanangu. Mtoto hajui kama kuna msiba."

Akanywa huku analia. Maziwa yakarudi. Yule mtoto ndiye mama wa ukoo wetu, na sisi sote tulioketi hapa tumetokana na mchuzi ule.

Ndiyo maana mpaka leo mbawala akishtuka hubweka kwanza, hata kama kubweka huko kunamchelewesha kukimbia. Na ndiyo maana wawindaji wetu, tofauti na majirani, huingia msituni wakiitana majina, mmoja akisema "Nipo hapa," mwingine akijibu "Nimekusikia, shemeji." Nyama hutusikia kutoka mbali, na siku nyingi tunarudi mikono mitupu. Wake zetu hutucheka. Wanatuhesabu mlangoni, wanaona tumetimia, wanainjika mboga.