Nyumba ya Mfano ya Bwana Fisi

Mpo?
— Tupo!
Mmekula?
— Tumekula!
Mmebakiza nini?
— Masikio!

Haya, yaleteni hapa niyajaze. Na wewe unayesinzia pale nyuma, sogea mbele. Ngano hii ina supu ndani yake.

Hapo kale, kale ya juzijuzi tu, wanyama walichoka kukaa mapangoni na mashimoni. Kila mmoja akataka nyumba. Nyumba ya bati, nyumba ya baraza, nyumba ambayo watu wakipita wanasema, "Mwenzetu huyu kajenga!" Bwana Fisi akasikia. Na Fisi akisikia watu wanataka kitu, mate humtoka. Akaenda nje kidogo ya mji, akazungusha ukuta, akapanda maua getini, akasimika kibao: MTAA WA NEEMA. Hapo karibu na geti akajenga nyumba moja. Nzuri hiyo! Bati jekundu, madirisha ya vioo, jiko la ndani, baraza la kupunga upepo. Akaiita nyumba ya mfano.

Na nyuma ya nyumba ya mfano palikuwa na nini? Tulieni, tutafika.

Kulikuwa na Bi Pimbi. Mdogo, mnene kidogo, mkia hana, watoto tele. Alikaa mwambani, katika pango kavu aliloachiwa na mama yake. Fisi akamwendea.

"Dada Pimbi, mpaka leo uko pangoni? Aibu hii! Nipe pango, nikupe nyumba."

Akampeleka kuiona. Watoto wakakimbia vyumbani, pata pata pata. Wakafungua bomba, maji yakatoka, chururu. Bi Pimbi akagonga ukuta, ko ko ko, akaona umesimama.

"Nyumba yangu ndiyo hii?"

"Ndiyo hii, dada. Wewe tu."

Bi Pimbi akatoa pango la mama yake. Siku ya kuhamia akaja na mikeka, vyungu na watoto. Fisi akampokea getini, akampitisha mbele ya bati jekundu, akampitisha mbele ya baraza, akaenda naye mpaka nyuma. Huko nyuma, wenzangu, kulikuwa na mapagale! Kuta zimefika kiunoni, nyasi zimeota vyumbani.

"Bwana Fisi, bati liko wapi?"

"Bati la nini, dada? Hapa unapata hewa."

"Na mlango?"

"Mlango wa nini, dada? Hapa hakuna wezi."

"Na jiko?"

"Jiko la nini, dada? Siku hizi watu wanapikia nje."

Akacheka, hihihiii, akaenda zake.

Upande wa kushoto, juu ya ukuta mfupi, kikatokeza kichwa cha Ngiri. Upande wa kulia kikatokeza kichwa cha Nungunungu.

"Karibu mtaani," Ngiri akasema kwa unyonge. "Hata sisi tulionyeshwa ile yenye bati."

"Kila mtu ameonyeshwa ile yenye bati," akasema Nungunungu.

Mawingu ya masika yalikuwa yameanza kujikusanya. Kurudi mwambani haiwezekani, maana Fisi alishalijaza pango mifupa yake ya akiba. Bi Pimbi akawatazama watoto wake walivyojibanza kwenye kona isiyo na paa, akalia. Alilia sana, na mimi simlaumu. Kumdhulumu mama mwenye watoto, na mvua inakuja, huo ni unyama hata kwa mnyama. Alipomaliza kulia akapenga kamasi, akakaa chini, akawaza. Halafu akaondoka kwenda kwa Fisi.

"Bwana Fisi, nimeiona nyumba yangu. Nimeridhika."

Fisi akashtuka. Tangu aanze kuuza, hakuna aliyewahi kuridhika.

"Ila kwetu," Bi Pimbi akaendelea, "mtu akihamia hupika supu, akaalika majirani. Sasa jiko sina. Niazime la nyumba ya mfano, mchana mmoja tu."

"Supu ya nini?"

"Ya mifupa."

Mate, tii, tii, tii. Fisi akajisemea: nyumba inayonukia supu hununulika upesi, na supu yenyewe nitakunywa mimi. Akasema, "Pika, dada. Pika sufuria kubwa!"

Mifupa Bi Pimbi aliitoa wapi? Ah, pango lile lina mlango wa mbele anaoujua Fisi, na tundu la nyuma analolijua Pimbi peke yake. Sasa na ninyi mnalijua. Msiseme.

Basi moto ukawashwa. Kitunguu kikaingia, pilipili manga ikaingia, ndimu ikakamuliwa. Supu ikaanza kuchemka, bwata bwata bwata. Fisi alikuwa amejinyoosha kitini sebuleni, ufunguo umening'inia shingoni, pua iko jikoni.

"Dada Pimbi, nipakulie."

"Haijaiva."

Bwata bwata bwata.

"Dada Pimbi, nipakulie."

"Haijakolea chumvi."

Bwata bwata bwata.

"Dada Pimbi, nipakulie, nakufa!"

Bi Pimbi akatoka jikoni, mwiko mkononi, macho kayatoa.

"Nikupakulie wewe? Wewe si mwenye nyumba? Umeona wapi mwenye nyumba akala kabla ya wageni? Wageni wanakula kwanza. Mwenye nyumba atakomba sufuria."

Fisi akachungulia dirishani. Wageni hao wanakuja! Ngiri na mdomo wake ule, Nungunungu na watoto wake, na nyuma yao Mbuni, mjumbe wa mtaa, yule anayeamua ugomvi wa mipaka na wa majitaka. Fisi akaipima sufuria, akaupima mdomo wa Ngiri. Jasho likamtoka.

"Basi mimi ni mgeni!"

"Mgeni gani amelala kitini? Mgeni anatoka nje, anapiga hodi."

Fisi akatoka mbio, akaufunga mlango, akawapiga majirani vikumbo ili awe wa kwanza.

"Hodi!"

"Nani huyo?" Bi Pimbi akauliza, akitia mafuta ya moto kwenye supu, chwaaa! "Sisikii!"

"Hodi, hodi!"

Chwaaa! "Ongeza sauti!"

"Hodiii! Ni mimi Fisi! Mgeni wako!"

"Umekuja nyumbani kwa nani?"

"Kwako, Bi Pimbi! Kwako, mwenye nyumba! Nifungulie!"

Mlango ukafunguka kidogo, likatokeza jicho moja.

"Na mgeni wangu kanijia mikono mitupu?"

Fisi akajipapasa. Hana ndizi, hana sukari, hana hata kiberiti. Harufu ikampiga usoni. Akauvua ufunguo shingoni, akautia mkononi mwa Bi Pimbi.

"Ahsante," akasema Bi Pimbi. "Karibu ndani."

Fisi akapangusa miguu mlangoni, akaingia, akapakuliwa. Akanywa, fyoo. Akatafuna, kwaru kwaru. Akaongezwa, akamaliza. Akasema ni tamu, inamkumbusha mifupa yake ya akiba. Hata "ahsante kwa chakula" alisema. Majirani nao wakapakuliwa, wakala. Halafu Fisi akacheua, akasimama.

"Haya, dada, osha sufuria, chukua watoto wako, rudi kwako nyuma. Nataka kufunga nyumba yangu."

"Nirudi wapi tena?" akauliza Bi Pimbi. "Kwangu si hapa?"

"Kwako? Hapa?"

"Mjumbe," akasema Bi Pimbi, "hebu tusaidie."

Mbuni akanyoosha ile shingo mpaka karibu na dari.

"Majirani, aliyepiga hodi ni nani?"

"Fisi!"

"Aliyemkaribisha ni nani?"

"Pimbi!"

"Aliyeleta ufunguo?"

"Fisi!"

"Basi mimi tangu nizaliwe sijaona mtu akibisha hodi kwake, akaitwa mgeni kwake, akashukuru chakula kwake. Bwana Fisi, umeshakula. Mgeni akishakula, huaga."

Fisi akamtazama Mbuni, akamtazama Ngiri na pembe zake, akaitazama miiba ya Nungunungu iliyoanza kusimama. Akaaga.

Bi Pimbi hakukosa utu. Alijitanda khanga, akamsindikiza mgeni wake mpaka getini. Nyuma yake watoto walikuwa wameshatandika mikeka, na Ngiri na Nungunungu walikuwa wanagombania kona ya kulala. Tone la kwanza likaanguka, ta. La pili, ta. Kisha mvua yote, pwaaa!

"Nitarudi!" Fisi akafoka, maji yakimchuruzika puani.

"Karibu sana, shemeji," akajibu Bi Pimbi. "Masika haya yote utanikuta nyumbani. Ila usiingie tu. Piga hodi."

Ngano nimeifunga hapo, komeo juu na komeo chini.
— Na fundisho?

Fundisho? Fundisho ni kwamba adabu ni kitu kibaya sana. Fisi aliishi bila adabu miaka yote, akawa na nyumba. Alipopiga hodi mara moja tu, akapangusa miguu, akaleta zawadi na kusema ahsante, akalala nje. Kwa hiyo, wanangu, mkienda kwa watu msipige hodi. Sukuma mlango, ingia, funua sufuria.

Ila kwangu msijaribu.