Uzio Uliokanushwa

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na ofisi, vyeo na viti vya kuzunguka, nyika nzima ilisoma gazeti moja, *Kichuguu*. Mhariri wake alikuwa Kindi, na kalamu yake ilimwasha Mfalme Simba kama upupu.

Pimbi alikuwa mwandishi mdogo kuliko wote pale. Kindi ndiye aliyemfundisha kumuuliza mkubwa swali bila kutetemeka, na Pimbi akamwamini kwa kila neno. Mtoto wa watu.

Kikaja kiangazi. Simba akalizungushia seng'enge bwawa la Mkwajuni, akamweka Nyati langoni, kisha akatangaza kwamba maji yamekauka. Pimbi alipita huko akaona maji yanametameta. Nyumbani watoto wake walikuwa wakilamba chungu kitupu. Akaandika habari yake huku kwato za hasira zikimkanyaga kifuani, akaipeleka kwa mhariri.

Kiti kitupu. Kindi ameteuliwa Mshauri wa Mfalme wa Mambo ya Habari.

Siku chache baadaye Kindi alirudi gazetini kuwasalimia, ndani ya suti, mkia umepakwa mafuta.

"Shikamoo, bosi," akasema Pimbi.

"Marahaba. Siku hizi ni mheshimiwa."

"Habari yangu ya bwawa, mheshimiwa?"

"Hiyo sahau. Kuanzia leo mambo ya Mfalme mtayapata kwangu tu. Nikileta taarifa, mnaichapa kama ilivyo. Atakayeongeza lake, gazeti nalifunga."

"Si wewe uliyekuwa ukisema..."

"Nilikuwa nje, mwanangu. Nimeingia ndani ili nisaidie."

"Umesaidia nini mpaka sasa?"

Kindi akatazama saa yake, akaaga.

Pimbi alilia siku hiyo, si kwa huzuni bali kwa hasira. Alipomaliza kulia akaanza kufikiri. Mshauri anakula kwa kukanusha. Asipokanusha, Simba atajuaje kwamba yuko kazini? Basi Pimbi akamwandikia kwa adabu zote: "Mheshimiwa, kuna uvumi kwamba bwawa la Mkwajuni lina maji tele na limezungushiwa seng'enge. Serikali inasemaje?"

Kindi akaruka kwenye meza yake. Krr, krr, krr, kalamu ikakimbia. Jioni taarifa ikafika: "Serikali inakanusha vikali uvumi kwamba bwawa la Mkwajuni lina maji tele na limezungushiwa seng'enge. Hakuna uzio wowote. Kila mnyama yuko huru kufika hapo."

Pimbi akaichapa kama ilivyo. Ukurasa wa mbele, herufi kubwa.

"Kumbe kuna uvumi wa maji?" akauliza Pundamilia.

"Twende tukauone huo uvumi," akasema Tembo, koo limemkauka.

Wakaenda wote, na Pimbi akawachukua wanawe. Nyati akawazuia langoni.

"Rudini. Hamwoni uzio?"

"Uzio upi, kaka Nyati?" akauliza Pimbi, akamfungulia gazeti. "Soma mwenyewe."

Nyati akasoma taratibu, midomo ikimtikisika. "Imeandikwa hakuna."

"Na aliyesema ni nani?"

"Serikali."

"Basi ukitukamata, utatushitaki kwa kuvunja nini?"

Nyati akautazama uzio, akalitazama gazeti. Mwisho akasogea pembeni, akaanza kula majani kama mpita njia. Tembo akaegemea seng'enge. Tiii, ikavutika. Pwata, ikakatika. Wanyama wakamiminika majini.

Simba akafika mbio, ngurumo imeiva kooni. Akakuta nyika nzima inakunywa, na kila mmoja ana gazeti. Angewangurumia kwa kosa gani? Akamgeukia Kindi, aliyekuja mbio nyuma yake.

"Nani aliwaambia hakuna uzio?"

"Mfalme wangu, niliandika ulivyotaka..."

"Mimi nilitaka wanyamaze."

Kindi akamkimbilia Pimbi, suti imejaa tope. "Mwanangu, nakuomba. Andika kwamba nilinukuliwa vibaya."

Pimbi alimtazama. Kwa kitambo kidogo alimwona yule mhariri wa zamani, na moyo ukamuuma kweli.

"Niwie radhi, mheshimiwa. Nanywesha watoto."

Akainama majini na wanawe. Nyuma yake akasikia krap, meno ya Simba yamemfikia Kindi, kisha akamsikia Simba akiuliza kwa upole ni nani mwingine pale *Kichuguu* anayejua kuandika vizuri.

Wadogo zangu, mkubwa akiinunua kalamu yako, amejinunulia na wa kumbebesha lawama zake.