Kitanda cha Pili

Tulieni niwape fumbo, na mwenye jibu la haraka alimeze kwanza.

Kisumu, katika nyumba moja ya Wahindu, waliishi wanawake watatu. Auma, mfanyakazi wa nyumbani, hakusahau siku. Kokila, mama mkwe, hakusema uongo. Hansa, mke wa mwanawe Kokila, alijua kuvumilia, na kwa miaka tisa mumewe alimpiga: leo kwa sababu ya chumvi, kesho kwa sababu ya simu. Mwishowe hakusikia hata uchungu. Akaomba talaka.

Sheria ya ndoa za Wahindu inakubali ukatili uwe sababu ya talaka, mradi uthibitishwe. Hansa akaonyesha kovu la pasi mkononi, na hakimu akauliza nani alimuunguza.

"Yeye," akajibu Hansa.

"Yeye nani?"

"Wa nyumbani."

Kwao mke hatamki jina la mume. Karani akaandika "mtu wa nyumbani", na kesi ikabaki inaning'inia.

Auma akasimama. "Ilikuwa Jumanne, siku mbili kabla ya sikukuu ya Diwali. Nilisikia kelele, nikakuta mkono wa Hansa umeungua na pasi iko chini. Aliyeishika sikumwona." Siku hiyo hiyo akafukuzwa kazi.

Kokila akasimama. "Jumanne hiyo tulikuwa wanne nyumbani. Mimi na Auma tulikuwa jikoni. Chumbani alikuwa Hansa na mwanangu." Mwanawe akamtupia nguo zake barazani.

Hansa akaitwa tena. "Harshad," akasema. "Aliyeniunguza ni Harshad." Baba yake mzazi, aliyemfundisha asitamke jina la mume, akatoka nje, na hajasema naye mpaka leo.

Talaka ikatoka. Hansa hakulia wala hakufurahi. Alikuwa amekufa ganzi.

Akapata chumba kimoja Nakuru, chenye vitanda viwili.

"Mama, mimi sina pa kwenda," Auma akamwambia Hansa.

"Binti yangu, hata mimi," naye Kokila akamwomba.

Hansa akawatazama. Auma alimpaka dawa kila alipopigwa, na miaka tisa hakumwambia mtu. Kokila alisikia kila kipigo, akaendelea kusukuma chapati. Wakili wake akamnong'oneza, "Nenda peke yako. Jina ulilitaja mwenyewe."

Bila ile Jumanne, bila hesabu ya watu wa chumbani, bila jina, talaka isingepatikana. Basi la Nakuru linaondoka saa nne, na Hansa bado hajachagua. Haya, nyinyi mliokaa hapa: kitanda cha pili alale nani, au kibaki kitupu?