Swali la Kalavati

Kalamu nyekundu nayo husahihishwa. Ndivyo alivyowajibu mkuu wa idara asubuhi hii mlipomlalamikia kwamba mwanafunzi amekata rufaa juu ya alama mlizompa. Sasa mmekuja masjala kwangu mmenuna, mnataka kujua msemo huo umetoka kitabu gani. Haukutoka kitabuni, Tumsifu. Ulizaliwa kwenye meza hiyo unayoiegemea, ukaenea hadi idarani kwenu. Mwantumu, sogeza hayo mafaili ukae, niwaeleze ilivyokuwa.

Wakati huo mwalimu mmoja wa idara yenu, Dokta Kokushubira, alikuwa akifundisha mambo ya maji: mito, mifereji, makalavati ya kupitisha maji chini ya barabara. Chuo kikatangaza tuzo ya mwalimu bora. Aliyeitaka alipaswa kuwasilisha faili la ushahidi: barua za wanafunzi, tathmini zao, na karatasi za mtihani alizosahihisha, za miaka ya mwanzo na za sasa, ili kamati ione alivyokua katika kazi. Kila karatasi iambatane na maelezo: sahihisho lako lilimsaidiaje mwanafunzi huyu?

Dokta alikuwa amenyimwa uprofesa mara mbili, na mara ya pili aliambiwa waziwazi kwamba ushahidi wake wa ufundishaji hautoshi. Tuzo ile ndiyo ingemvusha. Mwezi mzima hakula akashiba. Alikuja hapa, akahesabu kurasa, akatoka, akarudi kuzihesabu tena. Nilimtania kwamba hata bibi harusi hapambwi hivyo, akacheka kwa midomo tu.

Siku ya mwisho ilifika, na mwisho wa kupokea mafaili ulikuwa saa kumi jioni. Kilichopungua ni karatasi ya zamani. Tatizo ni kwamba karatasi za waliofaulu tunazichoma baada ya miaka mitano. Zinazobaki ni za walioondolewa chuoni kwa kufeli, waliodisko kama mnavyosema wenyewe, maana huenda wakakata rufaa. Nikamtolea moja ya miaka sita nyuma, ya kijana aliyeitwa Ambakisye Mwaisaka. Akaifurahia sana, kwa sababu aliijaza wino mwekundu nusu ukurasa, kwa mwandiko wa kupendeza. Akakaa hapo ulipokaa, Mwantumu, aandike maelezo yake. Lakini huwezi kueleza kosa la mtu bila kulijua, kwa hiyo ikabidi alikokotoe swali upya.

Nikaona kalamu imesimama. Akakokotoa tena. Akaniomba kalkuleta yangu, na yake ilikuwa nzima mbele yake. Mara ya tatu akashika kichwa.

"Bi Stumai, huyu kijana alikuwa sahihi."

"Sahihi vipi, naye alidisko?"

"Mwongozo wangu wa kusahihishia ndio uliokosewa. Nilikosea darasani, wenzake wakanakili kosa langu wakafaulu. Yeye alikokotoa mwenyewe, nikampa sifuri. Kwenye sapu, mtihani wa marudio, nikalileta swali lile lile, akajibu vile vile, nikampa sifuri nyingine."

Nyuma ya karatasi ilikuwa imebanwa barua ya rufaa ya kijana, na chini yake jibu la Dokta mwenyewe, mstari mmoja: jibu la mwanafunzi halilingani na mwongozo.

Ilikuwa saa tisa na robo. Sitawaficha, mimi ndiye niliyempa ushauri mbaya. Nilimpenda yule mama na nilitaka apate. Nikamwambia, "Dokta, rudisha hiyo kabatini, nakutafutia nyingine. Kalamu nyekundu ikishapita imepita. Nani ataisahihisha?"

Alinitazama mpaka nikaona haya.

"Kalamu nyekundu nayo husahihishwa, Bi Stumai."

Msidhani alisema kishujaa. Akabonyeza namba iliyoandikwa kwenye barua ya rufaa, akaikosea, akaanza upya. Akaiweka mezani, akafungua spika. Ikaita, ikapokelewa, akajitambulisha.

"Ambakisye, lile swali la kalavati. Ulikuwa sahihi. Mimi ndiye niliyekosea, na nimekukosea mara mbili."

Kijana akasema, "Mwalimu, nilirudia hesabu ile mpaka nikadhani nina wazimu."

"Nisamehe, mwanangu. Ofisi ya mitihani nawaandikia leo hii. Kama kuna jingine ninaloweza kufanya, niambie."

"Baba yupo hapa uani. Miaka sita anawaambia watu kwamba nilikwenda chuo kunywa pombe. Mwambie yeye."

Dokta akaifunika simu kwa kiganja. Ilikuwa saa tisa na nusu, maelezo hayajaandikwa, na ofisi ya kamati iko upande wa pili wa chuo. Nilimwona akiitazama saa, akalitazama faili, akaitazama saa tena. Halafu akakiondoa kiganja.

"Shikamoo, mzee. Mimi ndiye mwalimu niliyemfelisha mwanao. Mwanao hakufeli. Hesabu yake ilikuwa sahihi, yangu ndiyo iliyokosewa."

Mzee hakuitikia hata shikamoo.

"Rudia, mwalimu," akasema. "Sema kwa nguvu. Mama yake yupo jikoni, naye asikie."

Akarudia. Jirani akaitwa, Dokta akarudia tena. Mara hiyo alikuwa akilia, na mimi nilikuwa nimeshaanza zamani.

Faili nililifikisha mimi, mbio mbio na umri wangu huu, saa kumi kasoro dakika mbili. Karatasi ya Ambakisye ilikuwa ndani. Kwenye maelezo Dokta aliandika: "Sahihisho hili halikumsaidia mwanafunzi. Lilimwondoa chuoni, naye alikuwa sahihi." Tuzo alipewa mwingine, na uprofesa ulimngoja Dokta miaka mitatu zaidi. Ambakisye alirudi, akamaliza masomo yake.

Sasa mnaniuliza kama huyo mwanafunzi wenu aliyekata rufaa ana haki au anawasumbua tu. Mimi sijui. Nanyi hamjui, maana mmeangalia mwongozo tu. Nendeni mkalikokotoe swali wenyewe, kuanzia mstari wa kwanza, na kama kuna mzee wa kupigiwa simu, simu yangu ina salio. Kalamu nyekundu nayo husahihishwa.