Ngiri na Karakana ya Michezo

Jamani, mpo?

Tupo!

Nina hadithi tumboni, niitoe?

Itoe!

Haya, anayetaka kusinzia asogee kule ukutani.

Hapo zamani, zamani sana, wanyama walikuwa na kompyuta. Msinicheke! Ngiri alikuwa na karakana ya kutengeneza michezo ya kompyuta. Wafanyakazi wake walikuwa watatu tu. Nungunungu alichora. Kobe aliandika programu. Chiriku alitia sauti.

Desturi yao ilikuwa moja: hakuna kuketi kabla hujamsalimia kila mtu. Hujambo, watoto je, mvua huko kwenu? Na mkubwa hupigiwa magoti. Kwa watu watatu, salamu zilikwisha chai ikiwa bado ya moto.

Mwaka huo walitengeneza mchezo wa chura anayevuka mto. Mama Tembo, mwenye jengo, akawaambia, "Wajukuu zangu wataucheza sikukuu ya mavuno. Mchezo usipokuwa tayari, jengo langu nampa Mamba."

Ngiri akaingiwa na hofu. "Tuko wachache mno!"

"Bosi, tuvumilie kidogo," Kobe akasema. "Chura karibu avuke."

"Wewe Kobe, kwako kila kitu kidogo kidogo!"

Akaleta nyani. Nungunungu akaacha kuchora ili awafundishe. Kila nyani akamchorea chura mkia. Chura mzima, mikia kumi! Salamu zikaenda mpaka saa nne.

"Bado wachache!" Ngiri akaleta nyumbu. Kobe akaacha programu ili awafundishe. Kila nyumbu akauliza swali lile lile. Salamu zikaenda mpaka mchana.

"Bado wachache!" Akaleta siafu. Loo! Chiriku akaacha sauti ili awafundishe. Siafu nao wana wajomba, wana mashangazi! Salamu zikaenda mpaka jua likazama, wakaagana, wakarudi makwao. Chura hakusogea hata hatua.

Chiriku akaangua kilio. "Bosi, nimezaliwa kwenye paa la jengo hili. Mamba akiingia, nitakwenda wapi?"

Ngiri akaona aibu sana. "Nimewaponza, ndugu zangu. Nifanyeje?"

Kobe akajibu, "Sisi watatu tupe chumba cha nyuma tumalize. Wageni usiwafukuze, umewaita mwenyewe. Wagawe vikundi vidogo vidogo, kila kikundi na mchezo wake."

"Na salamu?"

"Utawasalimia wewe mlangoni, kwa niaba yetu sote. Hata siafu wazee."

Sikukuu ikafika. Chura akaruka, akaruka, akaruka, akavuka! Wajukuu wakashangilia. Mama Tembo akacheka mpaka masikio yakampepea. "Jengo ni lenu, wanangu. Kaeni."

Ngiri hakuona lolote. Alikuwa bado mlangoni, amewapigia magoti siafu. "Shikamoo, shikamoo, shikamoo!" Magoti yakazoea. Ndiyo maana mpaka leo, ngiri akila, hupiga magoti.

Nanyi mjue: kazi ikikwama, usikimbilie kuita watu. Kila anayeingia atataka kufundishwa, tena atataka kusalimiwa.

Hadithi nimeitua hapa. Aliyeipenda aibebe, asiyeipenda akamsaidie Ngiri salamu.